Kiapo cha Kitinda Mimba

Bibi wa Kizungu niliyemtunza kule Laurel, Amerika, alikuwa amefundisha historia mpaka macho yakamwishia. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpikia uji asioupenda, na kumsomea. Na angalia balaa: vitabu vyake vyote vilikuwa vya Roma, ile ya mwisho mwisho, mambo yakiwa yameshaharibika.

Siku moja tukafika kwa kaisari wa mashariki aliyetawazwa akiwa mtoto. Alikuwa na dada watatu. Mkubwa aliapa kutoolewa, akawaapisha na wadogo zake, asije shemeji akamnyang'anya kaka yao kiti. Wakalitolea kanisa meza ya dhahabu na vito, watu wote waone kwamba jambo limekwisha. Yule mkubwa ana kurasa tele. Kitinda mimba wao ana mistari miwili mitatu: aliomba, alifuma, alikufa.

"Na yeye mwenyewe alitaka?" nikauliza.

"Hakuna aliyeandika," bibi akajibu. "Endelea kusoma."

Nilikasirika utadhani ni ndugu yangu. Mimi pia ni kitinda mimba, nina kaka mmoja, na mwaka ule nilikuwa na mchumba. Alikuwa mtu wa kwetu Kenya, dereva wa lori pale Hyattsville, ameokoka kwelikweli, si wa Jumapili tu. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu. Nilimpenda, sioni haya kusema. Mchungaji wetu hakufungisha ndoa bila baraka za nyumbani, na kwa kuwa baba alishafariki, baraka zilikuwa mdomoni mwa kaka. Mchumba akatuma wazee wake kwetu.

Kaka aliishi kwa jasho langu, yeye na mkewe na watoto. Nilijua. Lakini nilidhani atavuta mambo kidogo, apandishe mahari, kisha akubali. Wacha we!

Aliwapokea vizuri, akawachinjia mbuzi. Walipokwisha kula, akawaambia kwa huzuni kwamba wamejisumbua bure: mama alipokuwa akikata roho, mimi nilimshika mkono nikaapa mbele za Mungu sitaolewa, nitawatunza wa nyumbani. Jamani, mama alikata roho nikiwa Amerika! Niliambiwa kwa simu.

Nikampigia. "Kaka, nani aliapa?"

"Sasa unataka niitwe mwongo mbele ya wazee?" akasema. "Wewe huko una kila kitu. Sisi tuna wewe." Kisha akaniuliza kama baridi imeanza.

Jumapili baada ya ibada, mchumba wangu alinisubiri nje, penye magari. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Ungeniambia mapema," akasema.

"Sikuapa. Mama alikufa nikiwa hapa hapa Maryland!"

"Wazee wamesikia kwa masikio yao. Na kaka yako alilia."

"Kaka yangu hulia hata timu yake ikifungwa!"

Hakucheka. Alinitazama kwa huruma, nikajua ameshaamini, na kwamba kila nitakalosema litakuwa la mwanamke anayetafuta njia ya kukwepa ahadi.

"Dada," akasema. Tangu tuchumbiane hakuwa ameniita dada. "Usimkane Mungu kwa ajili yangu. Njoo tuombe."

Akanishika mikono, akafumba macho, akaanza kuniombea nguvu za kukitimiza kiapo changu.