Nta Isiyowaudhi Nyuki

Dada yangu, mjane mwenye ulimi mkali, amepika marhamu ya ngozi miaka yote kwa mafuta na nta ya nyuki. Mama yetu alipika vivyo hivyo, na hatukujua kuwa ni ushenzi. Siku hizi hata mafuta ya visigino yana msimamo. Mwenye saluni, mteja pekee aliyembakia, alimwambia kuwa wateja wapya wa saluni hawajipaki kitu kilichotoka kwa mdudu. Wanataka nta ya mimea, la sivyo atanunua kwingine.

Dada akatafuta nta ya majani, ngumu kama kwato, akaipima kwa kijiko chake cha siku zote, kiasi kilekile. Marhamu ilipopoa ikawa sakafu. Mwenye saluni akaja, akaichokoa, ukucha ukavunjika.

“Shoga, hii ni ya kupaka au ya kuziba ufa?”

“Mwite fundi mwashi,” nikasaidia.

“Kaka, nyamaza. Uzee si cheo.”

Dada akaiyeyusha upya kwenye bakuli juu ya maji ya moto, akaongeza mafuta kidogo kidogo, kila mara akidondosha tone kwenye kisahani baridi na kulibonyeza. Kumbe nta ya majani hutosha nusu tu ya kipimo cha nta ya nyuki. Tone likalainika. Mwenye saluni akajipaka mkononi, akanusa, akasubiri imiminwe makoponi, akayabeba yote.

Dada akaosha sufuria huku akiimba. Enzi za nta ya nyuki hakuwahi kuimba, na hilo, nakiri, limenikera kuliko yote.