Baba Farasi na foleni aliyomnyima bintiye

Geti la bustani ya michezo bado limefungwa, na Baba Farasi amelala chali chini ya mtambo wake, grisi imempanda mpaka kwenye nyusi. Juu yake wananing'inia farasi wa mbao ambao kutwa nzima huzunguka na watoto mgongoni. Anampiga mmoja kikofi cha tumbo, anasikiliza, kisha anajitoa chini taratibu.

"Huyu mweupe ana tabia za kizee," anasema. "Usipomsalimia kwa grisi asubuhi, mpaka jioni analalamika."

Jina lake halisi hata wenzake kazini wamelisahau. Watoto ndio waliompa hili, naye anasema linaufaa zaidi mshahara wake, kwa jinsi unavyokimbia. Kodi ya vyumba viwili, chakula cha watu watatu, mazoezi ya viungo ya binti yake wa pekee, na mwezi haujafika hata katikati.

Farasi mmoja, mwekundu, hafanani na wenzake. Mgongoni ana kiti chenye egemeo na mkanda mpana. Baba Farasi alikitengeneza mwenyewe, na hukikalia watoto ambao miguu au mgongo wao hauna nguvu.

Geti likifunguliwa tu, mama mmoja anafika akimsukuma mwanawe kwenye kiti cha magurudumu.

"Ataweza kweli, kaka?"

"Ataweza, dada. Ila asubiri zamu yake. Kuna wenzake mbele."

Mama anakunja uso kidogo. Huenda alitarajia kupishwa. Mwanawe hana habari. Ameshaanza kubishana na wavulana walio mbele yake kuhusu farasi gani ana mbio. Zamu yake inafika, mkanda unafungwa, kengele inalia, na mtambo unazunguka kwa mwendo wake wa kila siku. Mtoto anapiga kelele kuliko wote.

Baba Farasi anamtazama, halafu anageukia swichi zake. "Wangu hakuyapata haya," anasema. "Na aliyemnyima ni mimi."

Binti yake alizaliwa na miguu isiyo na nguvu. Nyumbani hujikongoja kwa magongo, lakini safari ya mbali ni ya kiti cha magurudumu. Alipokuwa na miaka sita aliwaimbia wazazi wake wimbo mmoja tu, asubuhi na jioni: kupanda farasi wa baba.

Baba akaamua kumfanyia makubwa. Siku hiyo, ilhali bustani imefurika, alimwomba mkata tiketi aisimamishe foleni. Akawashusha watoto wote. Akampakata binti yake, akamweka juu ya yule mweupe, akasimama kando yake amemshika kiuno. Mwenzake akawasha mtambo kwa mwendo wa kinyonga.

Wakazunguka wawili tu. Nyuma ya kamba watoto waliwakodolea macho. Mwanamke mmoja alifuta machozi, na watu wakaanza kupiga makofi.

"Mimi nikadhani wanatupongeza," anasema. "Nikawapungia mkono! Nikawapungia kama rais!"

Mtoto hakulia. Njiani kurudi nyumbani ndipo alipouliza: "Baba, mbona wengine walishuka?"

"Walikupisha, mama."

"Sikutaka wanipishe."

Tangu siku hiyo alikataa katakata kurudi bustanini. Kila likizo baba alimbembeleza, na kila likizo alijibiwa kwa mgongo. Naye, badala ya kuuliza, akajipa jibu mwenyewe: mtoto anaogopa kuanguka. Ndiyo asili ya kile kiti cha farasi mwekundu. Alikitengeneza kwa ajili yake, akaongeza egemeo, akapanua mkanda. Watoto wa watu wakakifurahia, wake hakukigusa.

Mkewe ndiye aliyemfumbua macho, tena kwa hasira, siku alipomkuta akishona mkanda wa pili. "Mtoto haogopi farasi," alimwambia. "Anaogopa makofi."

Kumbe maji yalikwisha kumwagika. Kwenye lango la mtambo kuna ubao wenye mstari mwekundu, na mtoto aliyeupita kwa urefu haruhusiwi kupanda. Wiki hiyohiyo shangazi mtu, ambaye ni fundi cherehani, alikuja kumpima binti sare mpya, akamlaza kitandani, akanyoosha futi yake na kuutaja urefu kwa furaha: mtoto amerefuka! Wote walicheka. Baba mtu, aliyejua kwamba urefu huo umeupita ule mstari, alitoka nje, akasimama kwenye bomba la maji kana kwamba ana kitu cha kukagua.

"Wanasema nia njema ni tabibu," anasema. "Yangu haikutibu kitu."

Binti huyo sasa ana miaka kumi na mitatu. Mezani kwao, akiwa na daftari la hesabu, anaulizwa anakumbuka nini siku ile. Anajibu bila kuinua kichwa.

"Kulikuwa na msichana kwenye foleni, ana aiskrimu imemchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nilitaka nikae nyuma yake, nimwambie." Anafuta jibu alilokosea. "Baba hakuwa na ubaya. Alikuwa na haraka tu ya kunifurahisha."

Siku hizi, wageni wakishatoka bustanini, Baba Farasi hubaki akipigilia mbao. Gurudumu kubwa lenye vibanda vya kukalia, linalopanda juu ya paa zote, halina mstari mwekundu. Hata wazee hulipanda. Lakini jukwaa lake lina ngazi. Bosi alimpiga kalenda muda mrefu, mwishowe akamruhusu kujenga njia ya mteremko kwa mbao za kibanda kilichobomolewa. Anataka imalizike kabla ya likizo.

Nyumbani hakuomba kitu safari hii. Alisema tu kwamba anajenga. Siku kadhaa zikapita, ndipo binti akauliza, macho yakiwa kwenye daftari: "Baba, foleni ya gurudumu huwa ndefu?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: asijali, baba yake ni mfanyakazi, watapitia mlango wa nyuma. Akajiuma ulimi.

"Ndefu sana, mama," akasema. "Na jua linapiga hasa."

"Basi tubebe maji," binti akasema, akaendelea na hesabu zake.