Kocha Aliyenyima Salamu

Binti yangu Maren ni kiungo, yuko mwaka wa pili wa sekondari, na anataka soka imsomeshe chuo. Jumamosi, kwenye mashindano ya hapa Des Moines, Marekani, alimwona bwana mmoja mwenye koti la chuo, kama wanayovaa makocha wanaokuja kusaka vipaji, karibu na kibanda cha soseji. Akamsalimia kwa adabu. Yule bwana akageuka, akaenda zake.

Nilitaka kumfuata nimwoneshe cha moto. Kocha wetu, Dorsey, akanishika mkono.

"Tulia, mzee. Sheria inawakataza makocha wa vyuo kuongea na hawa watoto kabla ya Juni. Akimkwepa, huenda anamtaka."

"Na asiyemtaka?"

"Naye atanyamaza."

"Sasa nitawajuaje?"

Dorsey akacheka. Mimi nikaishusha usoni kofia yangu yenye nembo ya chuo nilichosoma, nikaenda garini nimefura, hata kipa wa timu nyingine aliponisalimia sikumjibu.

Maren, aliposikia maneno ya Dorsey, alifurahi wiki nzima. Mama yake akaanza kuulizia mabweni ya chuo hicho.

Jumamosi iliyofuata nikamkuta yule bwana, na koti lake, akimfunga glavu yule kipa. Kumbe ni mzazi kama mimi. Nikamuuliza mbona alimnyima binti yangu salamu.

"Samahani, ndugu, nilikuwa nakimbilia choo." Kisha akaitazama kofia yangu, uso ukamshuka. "Kwani wewe si kocha? Mwanangu alikusalimia ukampita. Tumeshamwambia bibi yake kuwa chuo kinamtaka."