Uziwi wa Fundi Otukei

Pale Malaba, ukiacha barabara ya malori na kupinda kwenye kichochoro cha magurudumu mabovu, kuna gereji isiyo na kibao. Kibao cha nini? Mwenye gereji ni Otukei, na Otukei mwenyewe ni kibao tosha. Kifua kama gunia la mahindi lililofungwa vibaya, sauti kama honi ya trela, na masikio… aa, kwenye masikio tutafika, usinikimbize.

Mafundi wengine hufungua injini ndipo waujue ugonjwa. Otukei hufumba macho. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaiweka juu ya injini inayonguruma, mpini anautia sikioni, kisha anatulia kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. "Silinda ya pili," anasema. "Noze ya mafuta inakojoa badala ya kupuliza." Wakifungua, ni silinda ya pili. Madereva wa Mombasa walimsifu njia nzima mpaka Kigali, naye hakuwahi kuwakataza. Shule aliiacha darasa la sita, na huwa anasema mwalimu alimfundisha kusoma lakini ni injini iliyomfundisha kusikiliza. Mtu wa namna hiyo ukimnyima kujisifu utakuwa umemwonea.

Juzi juzi akajinunulia risiva, lile sanduku jeusi linaloichukua sauti ya televisheni na kuigawa kwa spika nyingi, hii huku, ile kule, mpaka aliyeketi katikati anaona kama mechi inachezewa kichwani mwake. Aliitoa Busia, kwa wauza vitu vilivyotumika Ulaya. Ubavuni mwa boksi paliandikwa 5.1. Fundi wa kuifunga, kijana anayeitwa Oundo, alikuja mchana, Otukei akiwa gereji. Jioni mwenye nyumba alikuta kila kitu tayari. Akahesabu: spika mbili mbele, mbili nyuma ya kiti, na lile dude la besi sakafuni. Tano. Na ile nukta moja? Akatazama huku na huku, akaiona rimoti. Ndiyo hiyo. Hesabu ikakubali. Darasa la sita si mchezo.

Akawasha mpira. Yesu wangu! Mashabiki walipiga kelele nyuma ya shingo yake hadi akageuka kuona nani ameingia bila kubisha. Besi ikamtikisa tumbo. Lakini mtangazaji? Mtangazaji hayupo. Mpira unapigwa, watu wanazomea, ila yule bwana wa kutaja majina ya wachezaji ni kama amefiwa akaenda zake. Otukei akahamia taarifa ya habari. Muziki wa kufungulia ukalia vizuri sana, kisha dada wa habari akawa anafungua mdomo na kuufunga kama samaki wa mto Malakisi.

"Hii kitu ni mbovu," akasema moyoni. Kesho Oundo atamtambua.

Hapo ndipo mkewe, Akiteng, alipopaza sauti kutoka jikoni. Na jiko lao si la ndani. Ni kibanda cha kuni huko nyuma ya nyumba, moshi na sufuria na kuku.

"Baba Among! Umesikia? Mafuta yamepanda tena!"

Otukei akapoa kama uji uliosahaulika. Yeye yuko hatua mbili mbele ya televisheni na hajasikia neno. Mwanamke yuko nje, anasonga atap, ule ugali wa wimbi usiosongwa kimyakimya, na amesikia yote.

"Nimesikia!" akadanganya.

Kwa sababu alijua kinachokuja. Baba yake mzee alizibika masikio akiwa na umri kama wake wa sasa. Mwisho wake alikuwa mtu wa kuketi kwenye chungu cha ajon, pombe ya wimbi, mrija mdomoni, anacheka watu wakicheka, bila kujua kinachochekwa ni nini, na siku nyingine ni yeye.

Kuanzia hapo mambo yakawa mabaya. Mtu akishaambiwa na roho yake kwamba ni kiziwi, hata jogoo akinyamaza ataona ni masikio yake. Otukei akawa anaitikia "Eh?" kabla hujasema kitu. Na nyumbani ushahidi ukazidi. Akiteng anapenda sinema za ng'ambo, zile ambazo Mganda mmoja anazungumza juu ya picha na kuwatukana majambazi kwa Kiganda. Yeye jikoni anacheka mpaka anakohoa. Otukei sebuleni anasikia bunduki tu.

"Kwani amesema nini?" alimuuliza siku moja, kama mtu asiyejali.

"Si umekaa hapo mbele yake? Unanipima?"

Hakuuliza tena.

Jumamosi ndipo likaja la kumwua. Levis, dereva wa trela ya saruji, alileta gari lake linagonga. Alikuwa amepita gereji tatu ili afike kwa Otukei.

"Mzee wa masikio! Nisikilizie huyu mgonjwa, nataka kuvuka."

Watu wakajongea, maana ile ilikuwa sinema yao. Otukei akatia bisibisi sikioni, akafumba macho. Akasikia. Kwa kweli alisikia: kitu kinagonga mbele, karibu na silinda ya kwanza. Lakini moyo ukamwambia, wewe unayeshindwa kumsikia mtangazaji, hicho unachosikia una uhakika nacho? Na ukifungua injini ya watu, ukute pazima? Jina lako litavuka mpaka kabla ya lori.

Akaiondoa bisibisi.

"Mpelekee Barasa," akasema.

Barasa ndiye fundi wa gereji ya pili, mshindani wake tangu wote wawili wakiwa na nywele.

"Barasa?" Levis akashangaa. "Boss, unaumwa?"

"Nimechoka. Mpelekee."

Barasa mwenyewe, aliyekuwa amesimama pale akitafuna muwa, hakuichezea bahati. "Sikio la kufa halisikii dawa, eh? Leteni, leteni, hata mimi nina masikio. Mawili!" Wakacheka. Otukei naye akacheka, akashtukia amecheka kama baba yake.

Jumapili, baada ya misa, alikaa sebuleni na uamuzi wake. Angemwambia Akiteng wakishakula: gereji basi. Arudi shamba la Angurai akapande mihogo, kwa kuwa mihogo hailii. Ila kwanza akataka kujipima mara ya mwisho. Akashika rimoti, akaanza kubonyeza. Akaongeza sauti hadi vikombe vikatetemeka: mashabiki tu. Akabonyeza palipoandikwa sinema, kelele zikapanuka. Akabonyeza kanisa, wahuni wa uwanjani wakaimba kama mapadri ndani ya kathedrali. Akabonyeza uwanja, wakarudia uhuni wao. Maneno, hakuna. Chini kabisa kulikuwa na kitufe kidogo ambacho hajawahi kukigusa, kimeandikwa TEST. Akakibonyeza.

Mpira ukanyamaza. Spika ya mbele kushoto ikatoa sauti kama mvua inayokuja: shhhh. Kisha kimya. Kisha ya mbele kulia, shhhh. Ya nyuma kulia, shhhh. Ya nyuma kushoto, shhhh. Besi ikaguna. Halafu mzunguko ukaanza upya. Shhhh, kimya, shhhh, shhhh, shhhh, mguno.

Otukei akafumba macho bila kujua amefumba. Mkono ukatafuta bisibisi isiyokuwapo. Maana huu wimbo aliujua! Hii ni injini inayozunguka huku silinda moja imekufa. Kila mzunguko, pengo ni palepale, baada ya kushoto, kabla ya kulia. Na sikio bovu, jamani, haliwezi kuchagua mahali pa kuwa bovu. Likiwa bovu ni bovu kote.

"Baba Among!" Akiteng akapiga yowe huko nyuma. "Njoo na panga! Jikoni kuna nyoka!"

"Anafanyaje?"

"Analia shhh, halafu ananyamaza, halafu analia tena!"

Otukei akasikiliza. Kushoto, shhhh. Pengo…

"Huyo tena!" Akiteng akalia.

Otukei hakuchukua panga. Alitoka mbio na soksi za kanisani, akaingia kibandani, akakuta mkewe juu ya kigoda na mwiko mkononi. Juu ya rafu ya sufuria kulikuwa na kitu kirefu kimelazwa, kimefunikwa kitambaa cha kufuma kama Biblia ya askofu. Akafunua. Spika. Nyeusi kwa rangi na nyeusi zaidi kwa masizi, waya wake umepita dirishani, umefuata ukuta na kuingia ndani ya nyumba.

"Hii ni nini?"

"Si redio yangu ya televisheni! Nilimwambia Oundo aniwekee spika moja jikoni, akasema hii ya katikati ndiyo inasema maneno vizuri. Hakukuambia?"

"Hakuniambia!"

"Na mimi nilidhani amekuambia."

Otukei akaketi kwenye gogo la kuni. Akaanza kucheka, kicheko kikatoka na machozi, kuku wakakimbia.

"Mama Among, unajua ulikuwa umenifanya kiziwi? Maneno yote unakula wewe huku, mimi unaniachia kelele!"

"Kumbe ndiyo sababu siku ile uliniuliza amesema nini?" Naye akashika mbavu. "Mimi nilidhani wanaume hupenda mpira hivyo, bila maneno. Nikasema, si mambo yenu!"

Otukei akampigia Oundo simu, akamtukana salamu ndefu.

"Pole, mzee. Modi zote hizo, sinema, kanisa, uwanja, zinapeleka maneno kwenye spika ya katikati. Bonyeza STEREO."

Akabonyeza. Mtangazaji akafufuka sebuleni, anataja majina kama mtu anayedaiwa. Lakini jikoni kukawa kimya.

"Nani amezima yangu?" Akiteng akauliza kutoka mlangoni, na mwiko bado ulikuwa mkononi.

"Bonyeza tena, mzee," Oundo akasema haraka, "mpaka iandike ALL."

Ikaandika ALL, na spika zote zikasema neno moja, mbele, nyuma na kwenye masizi. Akiteng akarudi kwa sufuria zake. Otukei hakungoja chakula; akapitia bisibisi yake gereji, akashika njia ya kwa Barasa.

Barasa hafanyi kazi Jumapili. Lori la Levis lilikuwa bado uani kwake, boneti haijaguswa. Levis alikuwa amechuchumaa chini ya trela, anapika maharagwe kwenye jiko la mafuta.

"Washa," Otukei akamwambia.

"Mzee, si ulisema umechoka?"

"Nilikuwa nimechoka. Washa."

Injini ikanguruma. Bisibisi sikioni, macho yamefumbwa, na shati jeupe la misa likipakwa grisi. Silinda ya kwanza. Palepale aliposikia jana, ka-ka-ka, wazi kama mtu anayebisha mlango. Alishapata alichokuja kutafuta, lakini hakuondoka. Akasikiliza ya pili, nzima. Ya tatu, nzima. Nyuma ya mngurumo akasikia maharagwe yakichemka, na ng'ombe wa mtu huko ng'ambo ya reli.

"Boss, dizeli yangu inaisha!" Levis akapiga kelele. "Umesikia au hujasikia?"

"Nimesikia," Otukei akasema, hajafumbua macho. "Hebu acha ilie kidogo."