Chaza wa Mbegu

Sisi wa Magogoni tunaofuga chaza kule kwenye mikoko, kazi yetu kubwa ni kungoja. Unatundika kamba yenye magamba matupu, vitoto vinakuja na maji, vinajishika. Nikizubaa pale, maji kiunoni, husahau hata magoti yangu mabovu. Magoti niliyaharibu sokoni Kongowea nikibeba vitunguu, lakini hayo ni mengine.

Nisichokielewa kilikuwa hiki: kamba moja, maji yale yale, mmoja anakua kama kiganja changu, jirani yake kabaki kama kifungo cha shati. Nilidhani mdogo ni mvivu. Na kila mwaka wadogo wakazidi, mpaka wakubwa wakabaki wa kujaza sufuria moja tu.

Alikuja msichana wa utafiti kuwapima, nikamuuliza.

"Bibi, hiyo ni damu," akasema. "Wamezaliwa hivyo, kama watu, kuna warefu na wafupi. Na hao wakubwa wengi ni majike. Chaza huanza dume, akishakua hugeuka jike. Nyinyi mnavuna kina nani kwanza?"

Tulivuna wakubwa. Na kusema kweli, mkubwa kuliko wote nilikuwa namla mimi. Mamangu kule shambani Kaloleni alichagua mahindi bora, akayatundika juu ya jiko yapate moshi, na hata njaa iingie hayaguswi. Nami miaka yote hiyo nimekula mbegu.

Nikamwambia wifi yangu, ninayefuga naye, tuwaache wale wa sufuria moja wazae. Kumbe alishawatenga kwa ajili ya wazazi wa mchumba wa bintiye, waliokuwa waje Jumapili.

"Wifi, wakwe wale nini, magome ya mikoko?" akaniuliza.

"Wale kuku."

"Kuku hata kwao wako! Mimi nimewaahidi chaza."

"Wape wadogo."

"Wadogo! Wanione mchoyo?"

Lakini Jumapili wakwe walikula kuku.

Maji makubwa ya bamvua yalipoingia, asubuhi, tukaenda kutazama kamba. Maji yalikuwa yamepauka kama tui la pili, yana uvuguvugu, yanatuzunguka taratibu, nikawa sijui kama nimesimama au naelea. Ni wao chaza, wanazaa. Vitoto vitatoka na ukubwa wa mama zao? Sijui. Wifi akachota kiganjani, akatazama, akamwaga polepole.

"Haya, zaeni basi," akawaambia. "Mmeshaniaibisha mbele ya wakwe."