Dorlene na simu ya Mwanasheria Mkuu

Saa mbili kasorobo asubuhi, Dorlene Haugstad anavua beji ya kampeni kwenye koti lake na kuitia mfukoni kabla hajafungua mlango wa ofisi. Ndani ya jengo la serikali ya jimbo hili la Marekani, ambako hata Mwanasheria Mkuu huchaguliwa kwa kura, mtumishi haruhusiwi hata kunong'ona anampigia nani kura.

Hajaketi vizuri, simu inalia.

"Ofisi ya Mwanasheria Mkuu, Dorlene anakusikiliza."

"Nipe wakili wangu."

"Wakili wako nani, bwana?"

"Huyo huyo Mwanasheria Mkuu! Kwenye televisheni kasema yeye ni wakili wa wananchi. Haya, mimi mwananchi, na jirani yangu kasogeza uzio."

Dorlene anacheka. Kosa hili analisikia kila baada ya miaka minne, kampeni zinapopamba moto. "Yeye ni wakili wa jimbo. Anaitetea serikali mahakamani na kuwashtaki matapeli wanaoumiza watu wengi. Uzio utafutie wakili wa kwako."

"Sasa nilimpigia kura ya nini?"

Miaka thelathini na mmoja amejibu simu hizi, chini ya Wanasheria Wakuu watano wa vyama vyote viwili. Alipoanza, wapokea simu walikuwa wanane. Leo wamebaki yeye na Verlyn, jirani yake wa meza.

Anamkumbuka wa kwanza, Orville Stamm, aliyeshuka kila Ijumaa mikono ya shati imekunjwa, akala nao supu ya maharage na mkate wa mdalasini, kisha akashika simu mwenyewe. "Alikuwa anaogopa akina mama wakali kuliko majaji," Dorlene anasema. Anazililia siku zile, na hafichi.

Anaukumbuka pia mwaka wa mvua ya mawe, wajane kumi na mmoja wa kaunti moja walipopiga simu, mmoja baada ya mwingine, kuhusu fundi wa mapaa mwenye adabu nyingi aliyechukua malipo ya awali na kutoweka. Dorlene alizibeba karatasi zao hadi ghorofa ya tatu. Stamm akafungua kesi, akashinda.

"Mashine ingeandika malalamiko kumi na moja," anasema. "Mimi nilimsikia mtu mmoja akidanganya mara kumi na moja."

Mashine ndiyo inayomnyima usingizi. Jumanne ijayo wapiga kura watachagua Mwanasheria Mkuu mpya. Grady Tollefson ameahidi kuifunga laini hii ya simu na kuweka fomu ya mtandaoni. Lucinda Marsh ameahidi kuiacha ibaki. Wanakwenda sako kwa bako, na Dorlene, anayeongea na wapiga kura sitini kwa siku, amefungwa mdomo.

Saa nne anapiga Bi. Ottilie Kranz, mjane wa miaka themanini na minne, anayeishi peke yake shambani. Hupiga kila Alhamisi, mara nyingi bila malalamiko yoyote.

"Dorlene, mwanangu, karatasi ya kura niliyotumiwa kwa posta ninayo hapa mezani. Chini ya gavana simjui mtu. Huyu wa sheria niweke nani?"

Verlyn anaacha kuandika.

"Hilo siwezi kusema, Bi. Kranz."

"Hata kwa mafumbo?"

"Hata kwa mafumbo."

"Basi naacha wazi."

"Usiache wazi, tafadhali. Soma habari zao wote wawili, kisha uchague."

Anakata simu.

"Ungekohoa tu!" Verlyn anamtania. "Kikohozi kimoja kwa Marsh!"

"Niliapa, Verlyn."

Nusu saa baadaye Bi. Kranz anapiga tena, sauti imechangamka. "Nimesoma gazeti lote. Nimemchagua Tollefson. Anasema atapunguza matumizi, na ana uso wa heshima kama marehemu mume wangu. Nimefanya vizuri?"

Dorlene anafumba macho.

"Umepiga kura yako, Bi. Kranz. Umefanya vizuri."

"Haya, tutaongea Alhamisi."

"Tutaongea."

Mwanasheria Mkuu mpya ataapishwa Januari. Kabla ya hapo zimebaki Alhamisi tisa, na Dorlene ana mpango wake hata laini ikifungwa: atamwomba Bi. Kranz namba ya nyumbani.

"Yeye amenipigia miaka yote hii," anasema, akifuta miwani. "Sasa nitampigia mimi, kutoka jikoni kwangu, na hakuna wa kuniuliza kama ana malalamiko."