Nyota Nilizozigawa kwenye Jedwali

Nakiri mapema kwamba mimi ni mtu wa kupenda vitu vilingane. Ukiniletea kadi ya harusi ambayo jina la bwana harusi limezidi unene wa jina la bibi harusi, sitatulia mpaka nilirekebishe. Steshenari yetu pale mtaa wa Ng'ambo ilipata sifa kwa hilo. Kadi za michango, ratiba za misiba, programu za kwaya, vyote vilitoka mikononi mwangu vimenyooka. Kwa hiyo afisa ugani mmoja wa Igunga aliponiletea jedwali la tasnifu yake ya uzamili, nililitazama kama fundi cherehani anavyotazama suruali yenye mguu mmoja mrefu.

Alikuwa mama wa makamo, mcheshi, aliyezoea kuingia na salamu ya kwao, "Mwangaluka!", ya kusikika hadi barabarani. Mimi nampa shikamoo, naye ananiita mdogo wangu. Alikuwa amewahoji wakulima wa mpunga ili ajue ni nini hasa kinachoongeza mavuno: mbegu bora, mbolea, maji, au ziara za maafisa ugani kama yeye. Programu ya takwimu ilikuwa imempigia hesabu iitwayo rigresheni, inayopima mchango wa kila jambo, lakini majibu yalitoka na sura mbaya, desimali nane nane na mabano shaghalabaghala. Chuo kilitaka jedwali safi la desimali tatu. Kazi yangu ilikuwa kulichapa upya.

Pembeni mwa tarakimu kulikuwa na nyota. Mbegu ilikuwa nazo tatu, mbolea mbili, maji moja, na ziara za maafisa ugani hazikuwa na kitu. Nikajiuliza nani kafanya mambo haya. Kwa macho yangu, jedwali lile lilichapwa na mtu mwenye usingizi. Nikaweka nyota mbili kila mstari, na jamani, likapendeza! Nilimwita hadi mwenzangu wa mashine ya kopi aje aone.

Mwenyewe alipokuja kulichukua alilitazama kwa muda. Kidole chake kikasimama kwenye mstari mmoja. "Umelipendezesha, mdogo wangu," akasema, akatabasamu, akaondoka.

Baada ya wiki mbili akaingia bila mwangaluka. Akaweka karatasi mezani kwangu. Msimamizi wake wa chuo alikuwa amezizungushia nyota zote wino mwekundu.

"Nani kakutuma ugawe nyota?"

"Dada, nilizisawazisha tu."

"Unazisawazisha! Nyota hazigawiwi kama pilau!"

Ndipo aliponieleza, nami nikatamani ardhi ipasuke. Kumbe nyota ni alama ya uhakika. Zikiwa nyingi, ni vigumu kusema matokeo yale yametokea kwa bahati tu. Mstari usio na nyota, data haijathibitisha kitu. Msimamizi alikuwa na majibu ya awali, akalinganisha, akaona tofauti. Sasa alitaka maelezo ya maandishi, na majedwali yote manne ya tasnifu, si lile langu tu, yafanywe upya kabla ya Ijumaa, la sivyo suala lingepelekwa kwenye kamati kama udanganyifu. Mtu kasoma miaka mitatu huku yuko kazini, halafu mimi namharibia kwa kupenda usawa!

Mimi nina hasira za karibu, ila siku ile zote nilijigeuzia mwenyewe. Nikamwambia barua nitaiandika mimi. Nikaandika palepale kwamba kosa ni la mchapaji na mteja hakujua lolote. Akaisoma, kisha akachukua kalamu akayakata maneno "mteja hakujua lolote".

"Niliziona," akasema. "Siku ileile, kabla sijatoka mlango huu. Niliona mstari wetu, wa ziara, una nyota, nikanyamaza. Nikajiambia labda mwanzoni nilisoma vibaya. Mdogo wangu, nimezunguka mashamba ya Igunga tangu sijaolewa. Nilitaka sana iwe kweli."

Nilimwonea huruma, nikamsogezea kiti, naye akaongeza kwa mkono wake kwamba aliziona akanyamaza.

Barua tukaitia sahihi mbili. Kisha akafungua kompyuta yake na kutangaza kwamba safari hii mkono wa mtu hautagusa tarakimu. Mfanyakazi mwenzake alikuwa amemwonyesha jinsi ya kuandika msimbo, yaani mistari ya maelekezo ambayo programu inaifuata na kuchora jedwali lenyewe. Tukakaa bega kwa bega. Mara ya kwanza ilikataa kwa sababu ya koma moja, nikaifokea kompyuta kama mbuzi aliyeingia bustanini. Mara ya tatu mabano yalikaa sawa lakini majina yakatoka nusunusu. Tulicheka sana. Nami nikaanza kuipenda kazi ile, maana unasema "desimali tatu" mara moja tu na majedwali yote manne yanatii. Na nyota zinajiweka zenyewe panapostahili.

Mwishowe jedwali likatokea kwenye skrini. Tatu, mbili, moja, na mstari wa nne mtupu. Halikulingana hata kidogo, na sikugusa kitu. Dada akausoma mstari ule kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu, mpaka mwisho.

"Tuma," akasema.

Tukatuma majedwali pamoja na barua. Hajamaliza soda niliyomnunulia, jibu la msimamizi likaingia. Alikuwa ameyakubali maelezo, ila alimkaripia kidogo, kisha akamwambia achape nakala za mwisho. Nikampigia vigelegele hadi wateja wakageuka. Nilipokuwa nambania nakala zake nikamuuliza, kwa sauti ya chini, kama ziara hazina nyota, sasa atafanyaje.

Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Kesho saa moja asubuhi wananisubiri shambani," akasema, "haohao niliowahoji." Akafunga zipu ya begi, akatoka mbio kuwahi basi la Igunga.